Hakimu Nyuma ya Ubao

Mimi sikujaliwa subira, na yeyote aliyekaa nami katika Jumuiya ya Wanafunzi wa Sheria atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Jumuiya ilinipa uenyekiti wa kamati ya elimu kwa umma, cheo kirefu ambacho kazi yake hasa ilikuwa kutafuta gari, kutafuta kipaza sauti, na kugombana na watu. Kila likizo ndefu tulifunga mizigo tukaenda vijijini kufundisha sheria kwa mahakama ya maigizo. Tulishagundua kwamba ukimhutubia mtu juu ya haki za ardhi anasinzia, lakini ukimwonyesha ndugu wawili wanavuana nguo mbele ya hakimu, anasahau hata mbuzi aliyemleta mnadani.

Mwaka huo zamu iliangukia kwetu, ukanda wa Shinyanga na Geita. Tulianzia machimboni. Wachimbaji walitoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, vumbi hadi kwenye kope, wakakaa chini kimya wakasikiliza kesi yote, na sisi tukajipongeza kwa jinsi sheria ilivyowaingia. Kumbe walikuwa wameshawekeana dau nani atashinda. Ushirombo mambo yalikuwa ya kistaarabu zaidi, isipokuwa mzee mmoja aliyetufuata baada ya hukumu akidai nakala yake yenye muhuri. Tukamweleza kwa adabu kwamba yale yalikuwa maigizo tu.

"Najua," akasema. "Jirani yangu ndiye hajui."

Kituo cha mwisho kilikuwa Mhunze, na Mhunze ndiyo kwetu. Kijiji chetu kiko karibu tu hapo, mwendo wa pikipiki usiotosha hata kuchafua nguo. Wenzangu walifurahi, wakidhani tutakirimiwa. Mimi sikufurahi, na sababu yake ilikuwa hakimu wetu.

Hakimu wetu katika maigizo alikuwa mchumba wangu. Alikuwa mwanafunzi mwenzangu, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti nzito ambayo hata akiomba chumvi unahisi umehukumiwa. Nikimwaga maneno yangu yote, yeye anajibu kwa neno moja, na mara nyingi hilo moja ndilo lilikuwa sahihi. Inaudhi, jamani. Kwao ni Songea, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Mshenga alishafika nyumbani tangu masika. Baba yangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo baba zangu wadogo walikaa wakasikiliza, wakakubali haraka haraka kama watu wenye safari. Lakini nyumbani kwetu neno la mwisho ni la mama, na mama alisema, "Nitafikiri." Akafikiri mvua zikaisha. Akafikiri mtama ukavunwa. Dengu nazo zikakauka mbugani, mama bado anafikiri. Nilikuwa nimempenda yule mwanamume kweli kweli, na nilijua kwamba mama akisema hapana sitaolewa naye. Si kwa sababu sheria inanizuia. Sheria hainizuii hata kidogo, naijua kwa vifungu. Ningezuiwa na mama yangu, basi.

Nilipombana kwenye simu alinipa hoja mbili. Ya kwanza, Songea ni mbali. Ya pili aliniuliza kama swali:

"Ana adabu ya ukwe huyo? Au atakuja kunipa mkono kama diwani anayeomba kura?"

Niwaeleze wasiotujua. Kwetu Usukumani mkwe mwanaume na mama mkwe hawazoeani. Hampi mkono. Hakai naye kiti kimoja, hali mbele yake, hamkazii macho. Wakikutana kwenye kinjia, mkwe ndiye anayeingia vichakani ili mama apite. Na mama naye hamsogelei mkwe, anajifunika na kugeuka. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima yenyewe. Siku hizi wapo waliolegeza, nimeona hata harusi za mjini watu wanakumbatiana na kupiga picha. Mama yangu hajalegeza kitu chochote tangu azaliwe.

Basi nikamfundisha mchumba wangu. Mazoezi tulifanyia maktabani, kwa kuwa ndiko kwenye vinjia vyembamba. Mimi nikawa mama mkwe, nakatiza kati ya makabati ya vitabu nimejitwika mkoba kichwani, yeye anatakiwa apishe bila kukimbia, ashushe macho, asitoe mkono. Alijifunza mila kama anavyosoma kesi. Kwanza anatafuta kanuni, halafu anaanza kutafuta pale ambapo kanuni haifiki.

"Na nyumba ikiungua, yeye yumo ndani?"

"Utamwokoa umegeuka."

"Nitamwokoaje nimegeuka?"

"Hilo utalijua wewe na Songea yenu!" nikafoka, na mkutubi akatutoa nje wote wawili.

Kuhusu Mhunze nilimwambia mama juu juu tu, katikati ya salamu, nikiomba Mungu asije. Nilitaka wakutane siku ya heshima, na wazee na mpango, si katikati ya gulio. Mama akasema ana dengu za kupura, maigizo yetu tutacheza wenyewe. Nikashukuru moyoni.

Siku ya gulio tukapewa banda la wazi pembeni, karibu na wauza mitumba. Shule ya msingi ya jirani ikatuazima dawati, lile la benchi moja linalokaliwa na watatu, pamoja na ubao wake mweusi wa kusimama kwa miguu, tuandikie majina ya wadaawa. Joho la hakimu tuliazima kwaya ya kanisa, la zambarau, mikono ina mistari ya njano. Nyundo ya mahakama ilikuwa mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Hakimu akakaa katikati ya dawati, magoti yamemfika kidevuni, watu wakaanza kujaa.

Kesi yetu ilikuwa ya binti anayemdai kaka yake sehemu ya shamba la marehemu baba yao. Kaka anasema binti ni wa kuolewa, shamba la nini. Upande wa kutetea tuliugawa kwa kura, na kura ikanipa kaka. Nilikasirika! Mimi, niliyepigania kila kipande cha mua na kaka yangu tangu nina meno ya utotoni, leo nikamtetee kaka! Lakini kanuni ya Jumuiya ilikuwa wazi kwamba wakili wa maigizo hachagui upande. Basi nikasema, kama ni kutetea uovu, nitautetea hadi wenyewe waone aibu.

Kanuni nyingine ilihusu wazee wa baraza, wale washauri wanaokaa na hakimu na kutoa maoni yao kabla hajahukumu. Hao hatukuja nao. Waliteuliwa na hadhira yenyewe papo hapo, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili wananchi waione mahakama kuwa yao. Wazo hilo lilikuwa langu. Nililipigania kikaoni hadi nikapiga meza, na waliolipinga nikawaita maadui wa umma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wanaume wakamsukuma mbele fundi baiskeli mmoja, akaja anajifuta oili mikononi, akakaa kushoto kwa hakimu. Zamu ya wanawake ikafika. Nyuma ya umati nikasikia sauti zinamchochea mama mmoja kwa Kisukuma, "Mayu, nenda! Nenda wewe, Mayu!" Watu wakapasuka katikati, na kwenye ule upenyo akatokea mama yangu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, kanga begani, anatembea taratibu kama mtu asiyetaka kuonekana anafurahi. Nyuma yake kaka yangu mkubwa, ameshika kofia ya pikipiki, ananipungia mkono.

Mungu wangu! Na dengu je?

Mama hakuwa amewahi kumwona mchumba wangu, hata kwa picha, maana kwetu mama hamkagui mkwe. Lakini yeye mchumba wangu alikuwa ameiona picha ya mama kwenye simu yangu mara nyingi mno. Nikamwona anainua macho, anayashusha, anayainua tena. Mama alikuwa ameshafika kwenye dawati, ameshaweka mkono kwenye benchi ili akae. Kiti kimoja na mkwe wake, bega kwa bega, mbele ya gulio zima.

Hakimu akanyanyuka kama aliyekalia siafu. Magoti yakagonga dawati, fundi baiskeli nusura aanguke. Akakusanya faili lake na mchi wake, akakunja joho, akazunguka na kuingia nyuma ya ubao. Kisha ile sauti nzito ikatokea huko nyuma:

"Mahakama... mahakama inaendelea. Wakili wa mdai, anza."

Umati ukalipuka. "Hakimu kajificha!" mmoja akapiga kelele. "Kala rushwa nini?" Kijana wa bodaboda akasema hapana, hiyo ndiyo mahakama mtandao, imefika hadi Mhunze. Watu wakacheka hadi wauza mitumba wakaacha biashara kuja kuangalia. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi zangu, hasira imenipanda hadi kwenye masikio. Ningeweza kuupindua ule ubao kwa teke. Mama yangu hampendi mtu anayechekwa. Siku akijua kwamba hicho kichekesho cha zambarau ndicho kilichotuma mshenga nyumbani kwake, nilijua kufikiri kwake kutaisha saa hiyo hiyo, na jibu nitalipata.

Wenzangu wa Jumuiya walidhani hakimu amepandwa na malaria. Lakini maigizo ni maigizo. Wakili wa mdai, binti mmoja mtulivu asiyeshtuka hata ukimmwagia maji, akaanza kuuliza mashahidi wake kana kwamba kila mahakama duniani ina hakimu wa nyuma ya ubao. Sauti ikawa inajibu huko, "Pingamizi limekataliwa," "Shahidi aseme kwa sauti," na polepole watu wakazoea. Chini ya ubao vilionekana viatu vyake vya kahawia, vimesimama sambamba kama gwaride.

Mama alikuwa anaviangalia.

Nilianza hoja zangu. "Waheshimiwa wazee wa baraza, binti ni mgeni nyumbani kwao. Anakua ili aende. Shamba ukimpa binti umempa ukoo mwingine." Nilipaza sauti, nikatupa mikono, na kaka yangu kule nyuma akaitikia, "Sema hiyo, dada!" kwa furaha ya mtu aliyelipiwa wakili. Hapo hapo mama akainuka, akasema anaomba maji ya kunywa. Ndoo ilikuwa upande wa kulia wa ubao. Akaenda kulia. Viatu vikasogea kushoto. Mama akasimama na kikombe mkononi, akaviangalia. Akarudi, akapita mbele ya dawati, akaenda upande wa kushoto kama mtu anayetafuta pa kumwaga maji yaliyobaki. Viatu vikarudi kulia, mbio mbio, kimoja nusura kimvuke mguuni.

Umati ukaangua kicheko kikubwa kuliko kile cha mwanzo. Mama hakucheka. Aliniangalia. Yale macho nayajua, ndiyo yaliyokuwa yanakuja baada ya yeye kukagua kopo la sukari. Badala ya kuendelea na ukoo mwingine, nikaangalia chini. Ikawa nimekiri.

"Huyu hakimu," mama akauliza, mbele ya watu wote, "kwao ni wapi?"

"Mheshimiwa mzee wa baraza," nikajibu, "hakimu haulizwi kwao."

"Sawa," akasema.

Akarudi kwenye dawati. Akakaa. Halafu akafanya kitu ambacho vijana wote waliokuwepo hawakukiona, na kama walikiona hawakukielewa. Akaitoa kanga begani, akajifunika kichwa, akaivuta hadi pembeni ya uso, akageuka kwenye lile benchi hadi mgongo wake ukaelekea ubao. Wanawake watu wazima waliokaa mbele walikiona. Mmoja akaziba mdomo kwa kiganja, akamkanyaga mwenzake mguu. Mwanamke hajifuniki hivyo kwa ajili ya hakimu, na wao walijua anajifunika kwa ajili ya nani. Nikashika kona ya dawati. Bado lakini hakuwa amesema kitu, na mama yangu anaweza kumheshimu mtu vizuri kabisa huku anamkatalia.

Ukafika wakati wa maoni. Fundi baiskeli akaanza, akasema binti apewe kidogo, asije akanuna. Watu wakampigia makofi. Sauti ya nyuma ya ubao ikasema, "Tunashukuru. Mzee wa baraza wa pili," na hapo kwenye "wa pili" ikapasuka kama ya kijana anayebalehe.

Mama akasimama, bado ameupa ubao mgongo.

"Wakili wa kaka nimemsikia," akasema. "Anaongea vizuri. Nimemzaa mimi." Watu wakacheka, akawasubiri wamalize. "Anasema binti ni mgeni, akiolewa ana kwao kwingine. Mimi niliolewa. Mume wangu alipokufa niligeuka nyuma kuangalia kwa baba yangu, nikakuta shamba limeshagawanywa, hakuna hata pa kuinjika chungu. Basi nikakaa kwa mume. Kila mtu akanisifu, mjane mwema, amekaa na watoto. Sikukaa kwa wema. Nilikosa pa kwenda. Shemeji zangu walikuwa watu wazuri, nawaombea. Lakini wangekuwa wabaya ningekaa vile vile."

Hata spika ya muuza dawa za panya ilizimwa. Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Nimelelewa na mama huyu, nimelala naye kitanda kimoja, nimekula jasho lake hadi chuo kikuu, na siku zote nilidhani alikaa kwa sababu alipapenda. Nililia palepale na karatasi zangu mkononi, wakili wa upande wa uovu.

"Kwa hiyo binti wa kesi apewe," mama akaendelea. "Sawa na kaka yake, pasipungue hata tuta. Hayo ndiyo maoni yangu kwa kesi yenu." Akaikaza kanga yake. "Na wa kwangu naye apewe. Shamba la mbugani, lile la dengu, ni lake kuanzia leo. Nasema hapa mbele ya watu, na kaka yake yule pale amesikia."

Watu wote wakageuka kumwangalia kaka yangu. Alikuwa bado ameinua kofia ya pikipiki juu kwa kunishangilia. Akaishusha polepole.

"Mayu," akasema, "mimi si nimekuja tu kukuleta?"

"Na umenileta. Wabeja," mama akamshukuru. Kisha akageuza kichwa kidogo tu, siyo kuelekea ubao, kuelekea kwangu. "Nilikuwa siogopi huko Songea. Nilikuwa naogopa usiwe na pa kurudi. Sasa unapo. Nenda."

Nyuma ya ubao mchi ukaanguka, na kwa mlio uliofuata nadhani uliangukia kidole. Wanawake wa mbele wakapiga vigelegele, vijana wakauliza kuna nini, kuna nini, hakuna aliyekuwa na muda wa kuwajibu. Wenzangu wa Jumuiya walikodoa macho. Yule wakili mtulivu peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba kesi haijaisha, akagonga dawati kwa ngumi na kuita utulivu.

Hakimu akasoma hukumu akiwa hukohuko, nusu ya maneno yakimezwa. Alikubaliana na mzee wa baraza wa pili. Shamba ligawanywe sawa. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kanuni hata dunia ikipinduka, akauliza swali ambalo wakili aliyeshindwa huulizwa kila mara:

"Wakili wa mdaiwa, mnakusudia kukata rufaa?"

Watu wote wakaniangalia mimi. Nikafuta uso kwa ile mikaratasi ya hoja zangu, wino ukanipaka shavu. Mama alikuwa bado amejifunika kanga, mabega yanatikisika, sijui kwa kicheko au kilio.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Tumeridhika."